Pampu mpya si dawa ya kila kisima

Kiangazi kinapokuwa kikali jijini Dar es Salaam, kisima cha nyumbani hugeuka kuwa kitega uchumi. Ndivyo ilivyokuwa Oktoba 2022, wakati DAWASA ilipotangaza mgao wa maji baada ya maji ya Mto Ruvu kupungua. Katika siku za namna hiyo mwenye kisima Goba, Chanika au Kigamboni hupata wateja wenye madumu tangu alfajiri, na mwenye nyumba za kupanga huwa na hakika ya kodi yake kwa kuwa wapangaji wana maji.

Kwa bahati mbaya, siku hizo hizo ndizo ambazo pampu hufanya kazi kupita kiasi, na ndizo ambazo ikisimama hasara huwa kubwa. Fundi huitwa, huwasha swichi mara mbili, husikiliza kidogo, kisha hutoa hukumu ya neno moja: "Imeungua." Kabla ya jua kuzama mwenye kisima amekwishafika Kariakoo, ametoa fedha taslimu, na pampu mpya iko njiani kwa bodaboda.

Neno hilo moja ndilo lililo ghali kuliko yote katika biashara ya visima. Pampu husimama kwa sababu nyingi, na kuungua kwa mota ni mojawapo tu. Sababu nyingine nyingi hutibika kwa kifaa cha bei ndogo, na karibu zote zinaweza kutambuliwa bila kuitoa pampu kisimani. Mwekezaji mdogo anayenunua pampu kabla ya kupima tatizo amecheza bahati nasibu kwa mtaji wake.

KWANZA UMEME

Uchunguzi wowote wa maana huanzia juu, kwenye umeme, kwa kuwa huko ndiko kuliko rahisi kufika. Je, sakiti breka imejizima? Je, floti ya tangi la juu imenasa, ikawa inaiambia pampu kuwa tangi limejaa wakati ni tupu? Kwenye nyumba zenye swichi ya presha, je, ncha zake za kugusana zimeungua au zimeingiliwa na sisimizi? Mdudu mdogo kama huyo anaweza kuisimamisha pampu ya thamani kubwa, na dawa yake ni kuzima umeme na kusafisha au kubadilisha swichi.

Jambo la pili ni nguvu ya umeme wenyewe. Umeme wa nyumbani Tanzania ni wa volti 230. Mota nyingi za pampu huvumilia tofauti ya asilimia 10 juu au chini, yaani kati ya volti 207 na 253. Chini ya hapo mota hulazimika kuvuta ampea nyingi zaidi ili kufanya kazi ile ile, hupata joto, na mwishowe kweli huungua. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kupima volti pampu ikiwa imezimwa. Kipimo hicho hakisemi lolote. Volti zipimwe pampu ikiwa inafanya kazi, na ikiwezekana saa za jioni wakati mtaa mzima umewasha taa na majiko.

Mara nyingi lawama hupelekwa TANESCO wakati kosa liko ndani ya ua. Mwenye kisima aliyechimba mita 60 kwenda chini, na kisima chake kiko mita 40 kutoka kwenye nyumba, ana waya wa mita 100. Akitumia waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5 kwa pampu ya nguvu farasi 1 inayovuta takriban ampea 6, atapoteza kama volti 14 njiani. Akitumia waya wa milimita za mraba 4, atapoteza kama volti 5 tu. Wakati wa kuwaka mota huvuta ampea mara tano au sita ya kawaida, na hapo waya mwembamba unaweza kupoteza volti 50 au zaidi. Pampu itanguruma na kushindwa kuanza, fundi atasema imeungua, na pampu mpya itafungwa kwenye waya ule ule mbovu. Baada ya miezi michache hadithi itarudiwa.

PAMPU INAYONGURUMA

Pampu inayonguruma bila kuzunguka ina mashtaka mengine mawili ya kujibu kabla ya kuhukumiwa. La kwanza ni kapasita, kile kikopo kidogo kilichomo ndani ya boksi la kuwashia pampu za umeme wa njia moja. Kazi yake ni kuipa mota msukumo wa kuanza. Ikichoka, mota hunguruma na breka hujizima. Fundi mwenye mita anaweza kuipima kwa dakika chache na kulinganisha na namba iliyoandikwa ubavuni mwake. Bei ya kapasita ni sehemu ndogo sana ya bei ya pampu, lakini idadi ya wenye visima wanaoijua kwa jina ni ndogo vile vile.

Shtaka la pili ni mchanga. Visima vingi vya maeneo ya pwani vimechimbwa katika ardhi ya mchanga, na kama chujio halikuwekwa sawasawa au pampu inavuta maji kwa kasi kuliko kisima kinavyoweza kutoa, mchanga huingia na kuzikaba impela. Hapa pampu mpya haisaidii kitu, kwa maana mchanga uliokaba ya kwanza unaingojea ya pili.

Kwa wale wenye umeme wa njia tatu, wapo waliouziwa pampu mpya kwa sababu ile ya zamani ilikuwa ikizunguka kinyume baada ya nyaya kuunganishwa upya. Pampu inayozunguka kinyume hutoa maji kidogo mno, na tiba yake ni kubadilishana nafasi za nyaya mbili.

AMPEA HAZIDANGANYI

Kipimo ambacho kila mwekezaji anapaswa kukidai ni cha ampea. Fundi hubana mita kwenye waya mmoja, pampu ikiwa inafanya kazi, na kulinganisha na kiasi kilichoandikwa kwenye kibati cha mota. Ampea zikizidi, mota inahangaika: ama volti ni ndogo, ama mchanga umekaba, ama beringi zimekwisha. Ampea zikipungua sana, mota inazunguka bila mzigo: maji yamekwisha kisimani, hewa imenasa, au kiungo kati ya mota na pampu kimekatika. Ampea zikiwa sifuri ilhali umeme upo, waya umekatika mahali fulani.

Baada ya hapo, umeme ukiwa umezimwa, hupimwa usalama wa nyaya dhidi ya ardhi kwa kifaa ambacho mafundi hukiita mega. Kipimo kikiwa chini ya nusu megaohmu, kuna mahali maji yamekutana na umeme. Hata hapo hukumu isiharakishwe. Mara nyingine mota ni nzima na kilicholowa ni kiungo cha waya ndani ya kisima, kilichofungwa kwa utepe wa kawaida badala ya kufungwa kwa vifaa maalum visivyopitisha maji. Kutengeneza kiungo si sawa na kununua mota.

Ieleweke kwamba kazi hizi si za mwenye nyumba mwenyewe. Umeme na maji vikikutana huua, na kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya swichi kuu kuzimwa. Wajibu wa mwenye fedha ni kujua vipimo gani avidai, na kutaka namba ziandikwe kwenye karatasi.

MAJI YANAPOTELEA WAPI

Kundi jingine la matatizo ni la pampu inayofanya kazi lakini maji hayafiki. Kipimo chake hakihitaji mtaalamu: ndoo ya lita 20 na saa ya mkononi. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, pampu inatoa lita 1,800 kwa saa. Ndoo ikichukua dakika mbili, ni lita 600 tu. Kipimo hicho kifanyike mara mbili, mdomoni mwa kisima na kwenye tangi. Maji yakiwa mengi kisimani na machache kwenye tangi, ni bomba la kwenda tangini lenye tundu au lililoziba, na pampu haina kosa.

Kama maji ni machache tangu kisimani, kipimwe kina cha maji kwa kamba yenye uzito, kabla ya kuwasha pampu na wakati inavuta. Kina kikishuka hadi kwenye pampu, tatizo ni kisima au kiangazi. Pampu ya kuzama hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake, na ikizunguka mahali pakavu huweza kuharibika kwa muda mfupi. Kifaa cha kuizima maji yanapopungua ni bima ya bei nafuu kuliko pampu ya pili.

Pampu za juu, zile zinazokaa kando ya kisima, zina sheria yake ambayo hakuna fundi wala kiwanda kinachoweza kuivunja. Pampu ya kawaida ya kunyonya haiwezi kuvuta maji kutoka kina kinachozidi mita 7 au 8 hivi, kwa kuwa kinachoyasukuma maji kupanda ni uzito wa hewa. Kisima kilichokuwa na maji kwenye mita 6 wakati wa masika kinaweza kushuka hadi mita 9 wakati wa kiangazi. Pampu itanyamaza bila kuwa na ugonjwa, na anayenunua nyingine ya aina ile ile, hata yenye nguvu farasi mara mbili, atapata ukimya ule ule.

Aidha, pampu ya juu inayokataa kuvuta kila asubuhi mpaka imwagiwe maji, kwa kawaida ina valvu ya chini inayovuja au bomba la kunyonya linaloingiza hewa. Na kwenye nyumba zenye tangi la presha, pampu inayowaka na kuzima kila baada ya sekunde chache kwa kawaida inalalamikia tangi lililopoteza hewa. Hewa hiyo hupimwa tangi likiwa limemwagwa maji, na inatakiwa iwe pungufu kidogo, kama psi 2, ya presha inayowasha pampu. Chombo chenyewe ni pampu ya matairi. Asiyejali ataendelea kuiwasha mota mamia ya mara kwa siku, na kila kuwaka ni joto.

HESABU YA MFANYABIASHARA

Ichukuliwe mfano wa mwekezaji anayeuza maji kwa sh. 100 kwa dumu la lita 20. Pampu yake ikitoa lita 1,800 kwa saa, kwa saa tano atapata lita 9,000, yaani madumu 450 na mauzo ya sh. 45,000 kwa siku. Bomba la kupandisha maji likipasuka ndani ya kisima na sehemu kubwa ya maji kurudi chini, pampu itatoa lita 600 kwa saa. Ili apate maji yale yale itabidi aiwashe saa 15.

Kama mota inakula uniti moja kwa saa, matumizi yatapanda kutoka uniti 5 hadi 15 kwa siku. Ziada ya uniti 10 kwa siku ni uniti 300 kwa mwezi, na kwa bei ya mfano ya sh. 350 kwa uniti ni sh. 105,000 zinazoondoka kimya kimya kwenye LUKU. Mwekezaji huyu hana pampu iliyosimama. Ana pampu inayofanya kazi na kumla mtaji, na kwa kuwa maji bado yanatoka, hatamwita fundi.

Kwa sababu hiyo kipimo cha ndoo kinastahili kufanywa kila mwezi na kuandikwa kwenye daftari lile lile la mauzo. Lita zikianza kushuka, mwenye kisima ana wiki kadhaa za kutafuta sababu kwa utulivu, kuuliza bei katika maduka matatu na kuchagua siku ya kazi. Asiyeandika hugundua tatizo siku maji yanapokatika, na mnunuzi mwenye haraka hana nafasi ya kupatana bei.

NANI ANAFAIDIKA

Si haki kuwatwisha mafundi lawama yote. Tatizo liko kwenye namna wanavyolipwa. Fundi hulipwa kwa kuitoa pampu na kuifunga nyingine, na si siri kwamba baadhi ya maduka humpa chake kwa kila mteja anayemleta. Fundi anayetumia nusu saa kupima, akakuta kapasita ndiyo mbovu, huambulia fedha ya soda. Aliyesema "imeungua" bila kupima hurudi nyumbani na malipo ya siku nzima. Soko linalolipa hivyo litaendelea kupata majibu hayo hayo.

Mafundi nao wana utetezi wao. Husema wateja hawataki kulipia kipimo, kwamba mtu yuko tayari kutoa malaki kwa pampu anayoiona lakini hataki kutoa hata sehemu ndogo ya fedha hizo kwa namba kwenye karatasi. Utetezi huo una ukweli, na ndiyo maana mageuzi lazima yaanze kwa mwenye fedha. Ada ya uchunguzi ipatanwe kabla ya fundi kufungua boksi, na ilipwe iwe pampu imetolewa au haikutolewa. Fundi akijua kwamba ukweli nao una malipo, atakuwa na sababu ya kuutafuta.

Kwa wenye maduka, hapa kuna nafasi ya biashara. Pampu za aina moja zimejaa katika maduka jirani, na ushindani wa bei umebana faida. Duka litakalokuwa na fundi wake mwenye mita ya ampea na mega, litakalompa mnunuzi karatasi ya vipimo siku ya kufunga pampu, yaani volti, ampea, lita kwa dakika na kina cha maji, litakuwa linauza kitu ambacho jirani hana. Karatasi hiyo hiyo italilinda wakati wa mabishano ya waranti, kwani itaonyesha kama pampu iliharibika yenyewe au ilikaushwa kisimani.

LINI INUNULIWE MPYA

Yote haya hayana maana kwamba pampu haifi. Koili zikiungua zimeungua. Kwa mota kubwa, kuiwaindi upya huweza kuwa na maana kama fundi ni mwaminifu na waya ni wa shaba kamili. Kwa pampu ndogo za bei ya chini, gharama ya kuwaindi pamoja na kuitoa na kuirudisha mara nyingi hukaribia bei ya mpya, na hapo kununua ni busara. Anayeuza maji ana sababu ya ziada: kwa mfano uliotolewa hapo juu, kila siku ya kusubiri humpotezea sh. 45,000.

Anayenunua anunue kwa macho mawili. Mota yenye koili za alumini badala ya shaba huwa nyepesi, kwa hiyo pampu mbili zinazodai nguvu farasi sawa zikitofautiana sana uzito, muuzaji aulizwe sababu. Kwa visima vya karibu na bahari, ambako maji ya chumvi huingia, chuma cha pua cha daraja la 316 hustahimili kutu kuliko cha 304, na tofauti ya bei hurudi kwa miaka ya matumizi. Stakabadhi idaiwe, yenye namba ya pampu, kwa kuwa malalamiko yasiyo na stakabadhi hayafiki mbali, iwe dukani au Tume ya Ushindani.

Hata pale mpya inapostahili kununuliwa, sababu ya kifo cha ile ya zamani lazima ijulikane kwanza. Waya mwembamba, mchanga na kina kilichoshuka havitolewi kisimani pamoja na pampu iliyokufa. Hubaki vikiingojea inayokuja, na mwenye kisima asiyevipima atajikuta amerudi Kariakoo kabla waranti ya kwanza haijaisha.